Safu ya Nne

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo tu, tik, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti chumba cha pili. Zadok Odoyo, aliyekuwa amelala kwenye kiti cha kutibia meno huku ganzi imemlaza nusu ya uso, hakuisikia. Daktari Gladness Kashindye aliihisi mkononi kabla haijamfika sikioni. Na Rozina Akeyo, msaidizi wake, aliyesimama upande wa pili wa kiti ameshika bomba la kunyonya mate, aliisikia vizuri. Ikamwambia jambo ambalo hakuwa tayari kulipokea.

Daktari aliondoa mguu kwenye pedali na kuinua faili juu ya taa. Faili, kwa asiyeijua, ni kijisindano chembamba chenye meno ya msumeno, kinachozungushwa na mashine ndani ya mzizi wa jino ili kukwangua uozo. Hii ya leo ilikuwa imepungua urefu. Ncha yake ilikuwa imebaki mle mle, chini kabisa, pale mzizi wa gego unapojikunja.

"Tupige picha," Daktari alisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.

Picha ilionyesha kile walichokuwa wanajua tayari: mstari mweupe wa milimita tatu, umekaa kwenye kona ya mzizi kama mwenye nyumba. Daktari alijaribu kuutoa kwa nusu saa. Alipoona anazidi kuupunguza mzizi wenyewe, akaacha, akamwinua mgonjwa, akavua barakoa ili aonekane uso, na akamweleza yote bila kuficha. Kipande kimebaki. Mzizi ulikuwa umeshasafishwa karibu wote, kwa hiyo jino linaweza kuishi nacho miaka mingi, au linaweza kusumbua na likang'olewa. Jumanne ijayo arudi limaliziwe kusafishwa, lizibwe, na baada ya miezi sita lipigwe picha tena.

Zadok alikuwa fundi springi wa Igoma, mtu wa kupanga na kufunga springi za malori, mikono yake imejaa makovu ya moto. Alisikiliza huku akijifuta udenda kwenye shavu lisilokuwa na habari.

"Naomba kuuliza, Daktari. Ni chuma kibovu au ni mkono?"

"Ni mkono wangu," Daktari alijibu. "Nadhani nilikandamiza kupita kiasi. Nisamehe."

Hapo ndipo Rozina alipotakiwa kusema. Alikuwa na nafasi pana ya kusema, na alikuwa na mdomo usio na ganzi. Badala yake alimwekea Zadok mkono begani na kumwambia pole kwa Kijaluo, kwa sauti ile ya nyumbani inayotumika kwa wafiwa. Zadok, aliyezaliwa Rorya kama yeye, alifurahi kusikia lugha yake mahali pale. Aliupigapiga ule mkono, akasema vyuma hukatika, hata kwake hukatika, akavaa kofia na kuondoka.

Rozina alikusanya vifaa na kwenda chumba cha kuoshea, na huko raha ikamkimbia.

Ilikuwa hivi. Kliniki ile ya Mabatini ilikuwa na kisanduku cha chuma chenye vitundu, safu nne. Faili mpya zilikaa safu ya kwanza. Kila faili ikishatumika kwa jino moja, ikaoshwa na kuchemshwa kwa mvuke, ilihamia safu inayofuata. Ikishatumika ikitoka safu ya nne, haikurudi tena: ilitupwa kwenye kopo la njano la vitu vyenye ncha. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Daktari Gladness, na mwenye kuhamisha alikuwa Rozina peke yake. Hakuna aliyewahi kumkagua. Nani angemkagua? Alikuwa na miaka ishirini na sita katika kazi hiyo, mingi yake kwenye hospitali ya serikali, na huko madaktari walimwita Mama Eksirei.

Jina hilo hakupewa bure. Enzi hizo faili zilikuwa za chuma cha pua, za kuzungusha kwa vidole, na chuma kile kilikuwa na adabu: kikichoka, kinaonyesha. Nyuzi zake zinafunguka, ncha inapinda, kiuno kinalegea. Rozina alikuwa akiziinua dirishani moja moja, anafumba jicho la kushoto, kisha anatoa hukumu. Hii nzima. Hii imechoka, tupa. Hakuna faili iliyopita machoni pake ikaenda kukatika mdomoni mwa mtu, na sifa hiyo aliibeba mpaka kanisani. Hata Gladness mwenyewe, alipokuja pale hospitali akiwa mwanafunzi anayetetemeka mikono, ni Rozina aliyemfundisha namna ya kushika koleo la kung'olea.

Hizi faili za sasa zilikuja na kliniki. Ni za nikeli na titani, laini ajabu. Unaweza kuipinda ikawa kama ndoana, ukiiachia inarudi kunyooka utadhani hujaigusa. Rozina alizipenda kwa hilo, na kwa hilo hilo aliona sheria ya safu nne ni utani wa vijana. Kitu kimenyooka, nyuzi zimekaza, ncha haijapinda, halafu kinatupwa?

Alivumilia hadi siku ya Ng'washi. Huyu alikuwa muuza samaki wa Kamanga, ng'ambo ya pili, na siku hiyo alikuwa amevuka na kivuko akiwa na shavu lililoumuka kama andazi. Boksi la faili kutoka Dar lilikuwa limekwama njiani. Kisanduku kilikuwa kitupu, hivyo Daktari akampa vidonge na kumwambia arudi baada ya wiki tatu. Ng'washi hakubisha. Alilia tu, mama mzima, pale kwenye benchi la mapokezi. Rozina alirudi ndani, akalitazama kopo la njano, na ndani yake akaziona faili sita zimenyooka kabisa. Alizitoa kwa koleo, akaziosha, akazichemsha mara mbili kwa usalama, akazipeleka dirishani, akafumba jicho la kushoto. Nzima. Lakini Ng'washi alikuwa ameshapanda kivuko, basi akazificha kabatini.

Boksi la Dar lilipofika, alizichanganya na mpya, safu ya kwanza. Tangu hapo, kila faili iliyomaliza safu ya nne ilipita dirishani kwanza, na ikionekana imenyooka, ilirudi mwanzo. Na zote zilionekana zimenyooka. Hata moja haikupinda. Wiki tatu nzima alikuwa akijisifu kimoyomoyo kwamba Mama Eksirei bado yupo.

Sasa alikuwa amesimama kwenye sinki, maji yanatiririka bure, na hakumbuki alikuwa anaosha nini. Alifunga bomba. Akafungua. Akaenda dirishani na ile iliyokatika, akaitazama pale ilipokatika: kwingine kote ilikuwa nzuri kama mpya. Akajiambia, Daktari mwenyewe amesema ni mkono. Mtu mzima amekiri, wewe unamkatalia kwa nini? Akatoka, akafagia mapokezi yaliyokwisha kufagiliwa. Akarudi. Akapanga glovu, akazipangua. Aliogopa, na kilichomtisha zaidi si kazi kupotea. Aliogopa kuwa mtu wa kawaida.

Saa saba Daktari alimkuta amesimama katikati ya chumba hana anachofanya, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Kaa, Mama Rozina. Nataka kukuuliza kitu."

"Nasikiliza nikiwa nimesimama, mwanangu."

Daktari alikaa yeye. Chakula chake kilikuwa kwenye bakuli, hakijaguswa. "Nafikiria niache kutibu mizizi. Nirudi kwenye kung'oa tu, kama zamani. Faili ya safu ya kwanza, mama! Mpya kabisa, imenikatikia mkononi. Maana yake mimi ndiye mbovu. Wewe ulikuwa pale. Uliona nikikandamiza?"

"Sikuona kitu," Rozina alisema, na neno hilo lilikuwa kweli na uongo kwa pamoja.

"Maana hizi hazitabiriki." Daktari alichukua faili moja kwenye kisanduku, akaipinda ikafanya nusu duara, akaiachia. Ikaruka kunyooka. "Unaona? Ukiizungusha ndani ya mzizi uliopinda, kila mzunguko upande mmoja unavutwa na mwingine unabanwa. Mara mia tatu kwa dakika. Inajikunja, inanyooka, inajikunja. Ndani inapata nyufa ndogo mno, lakini nje hujui. Chuma cha zamani kilikuwa kinakuonya. Hiki kinanyooka mpaka dakika ya mwisho, halafu kinakatika. Ndiyo maana tunahesabu safu. Kwa hizi, macho hayana kazi."

Rozina alikasirika. Alimkasirikia yule binti, kwa ukali uliomshangaza mwenyewe.

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Nini?"

"Hayo ya nyufa. Uliniambia safu nne, halafu tupa. Hukuniambia kwa nini."

Daktari alitabasamu kwa aibu. "Nikufundishe wewe? Uliyenifundisha kushika koleo? Niliona ni kukukosea heshima. Nilijua unajua."

Na Rozina naye hakuuliza, kwa kuwa mtu wa miaka ishirini na sita kazini haulizi. Heshima ilikuwa imejaa kliniki nzima, moja ya kumstahi mkubwa na nyingine ya kujistahi, na katikati ya heshima hizo mbili kulikuwa na kipande cha chuma ndani ya taya la Zadok. Ulimi wa Rozina ulikuwa umeshafika kwenye meno. Ilibaki kufungua mdomo tu.

Kengele ya mapokezi ililia. Ng'washi alikuwa amefika, na kivuko cha kurudia kilikuwa saa kumi.

Uvimbe ulikuwa umeshuka. Alikuwa amevaa kitenge kipya, amebeba sato wawili kwenye ndoo kwa ajili yao, na alimwamkia Rozina kwa kupiga goti kidogo. "Shikamoo mama. Leo vifaa vipo?"

"Marahaba," Rozina alisema. Akaipokea ndoo, akamwelekeza ndani.

Ganzi ilichomwa. Mpira wa kutenga jino ukafungwa. Daktari alifungua jino, akasafisha juu, akatafuta milango ya mizizi, na muda wote huo Rozina alikuwa akimpa vitu visivyoombwa. Aliombwa pamba akatoa kioo. Aliombwa maji akasogeza taa. Macho yake yalikuwa kwenye kisanduku kilichokuwa kwenye meza ndogo, safu ya kwanza, faili tisa. Baadhi zilikuwa zimetoka boksini. Baadhi zilikuwa zimeshafanya kazi ya meno manne, labda nane. Zipi? Alizikazia macho mpaka yakamwuma. Zote zilisimama zimenyooka, zinang'aa, hazina neno la kumwambia. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anatazama vifaa vyake kama mtu aliyeingia kliniki kuuliza njia.

"Faili, mama. Ya safu ya kwanza," Daktari alisema bila kugeuka, kiganja kimefunguliwa.

Rozina alinyoosha mkono, akashika kisanduku chote, akakiachia.

Kilipiga sakafu kwa kishindo. Vijisindano vilitawanyika chini ya kiti, chini ya kabati, hadi mlangoni. Ng'washi alishtuka ndani ya mpira wake. Nisikufiche, Rozina alifanya makusudi, na katika kufanya hivyo alipata ahueni kubwa: hakuna tena safu, hakuna tena faili safi ya kutumia, mgonjwa amepona na yeye amepona. Ajali tu. Mikono ya uzee. Angeweza kuzikwa na siri hiyo.

Daktari aliitazama sakafu. Alivuta pumzi, akaitoa polepole. Hakugomba. Afadhali angegomba.

"Pole, mama. Umechoka leo, sote tumechoka." Aliweka pamba juu ya jino. "Si kitu. Ziokote, uzioshe, uziweke kwenye mashine ya mvuke. Kivuko bado. Dada Ng'washi atatusubiri, si ndiyo?"

Ng'washi aliitikia kwa mkono.

"Lakini safu zimechanganyika," Rozina alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba.

"Kwa mtu mwingine ningezitupa zote," Daktari alisema. "Lakini wewe umezishika kila siku. Nilichosema mchana ni kwa macho yetu sisi, mama, si kwa yako. Zipeleke dirishani, uniambie zipi mpya. Ukisema wewe, natumia."

Alisema hivyo kwa kumfariji. Alidhani amemjeruhi mzee kwa yale maneno ya mchana, akataka kumrudishia jina lake mbele ya mgonjwa. Na Rozina, aliyekuwa amepiga magoti sakafuni ameshika faili mbili, moja kila mkono, alizitazama akajua kwamba akitamka neno "hii," itaingia kwenye jino la mwanamke huyu.

"Macho yangu ndiyo yaliyoikata ile ya Zadok," alisema.

"Unasema nini?"

"Haikuwa mpya. Nilikuwa nazitoa kwenye kopo nazirudisha mwanzo. Tangu siku ile dada huyu alipolia. Niliona zimenyooka." Alizungumza haraka, kama anayetapika. "Sijui ni ngapi. Sijui zipi. Hata kisanduku sikukiangusha kwa bahati mbaya. Si mkono wako, Gladness. Si mkono wako hata kidogo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina mbele ya mgonjwa. Mashine ya kunyonya mate iliendelea kunguruma pembeni, hakuna aliyeikumbuka.

Daktari aliinama, akaanza kuokota faili yeye mwenyewe. Alizikusanya zote, thelathini na kitu, mpya na za zamani, akazitia kwenye kopo la njano na kulifunga kifuniko kile kisichofunguka tena. Kisha akamwekea Ng'washi dawa ya muda, akamweleza kwamba leo haitawezekana, na kwa nini. Ng'washi alipoondolewa mpira alimtazama Rozina kwa muda. Machozi yalimlengalenga, lakini hakulia. Alijifunga kitenge chake vizuri, akaikumbuka ndoo, akaiacha ndoo na samaki wake, akaenda kuwahi kivuko.

"Mimi nilimwambia Zadok ni mkono wangu," Daktari alisema mlango ulipofungwa. Hakuwa anamtazama. "Sasa mtu amebeba uongo wangu bila mimi kujua kuwa ni uongo. Nenda Igoma, mama. Kesho tutaongea mengine."

Rozina alikwenda na koti lake jeupe, alisahau kulivua. Alimkuta Zadok anafunga springi chini ya lori, shavu limeanza kuamka na limevimba kidogo. Alimweleza akiwa amesimama juani, Kiswahili chote, maana alihisi hana haki ya lugha ile nyingine. Alimweleza kopo, dirisha, jicho la kushoto.

Zadok alijiburuta kutoka chini ya lori, akakaa kwenye tairi. Alijifuta mafuta kwenye vidole, kimoja kimoja.

"Chuma sina ugomvi nacho," alisema mwishowe. "Hata mimi nimewahi kufunga springi iliyochoka nikidhani nzima. Lakini asubuhi nilimsamehe mtu asiye na kosa, na wewe ulikuwepo. Ulinishika hapa." Aligusa bega. "Uliniambia pole kwa kikwetu, mama. Nimekuja nayo mpaka hapa, nimewasimulia vijana wangu kwamba nimekuta mama yetu huko Mabatini. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko jino."

Zadok alirudi chini ya lori.

Usiku huo na wa pili yake Rozina hakulala vizuri, na mchana hakutulia. Daktari hakumfukuza. Alimpa kazi ya mapokezi, na chumba cha matibabu akamwingiza Paskazia, binti mwepesi aliyetoka chuoni juzi. Kisanduku kipya kilikuja, na safari hii Daktari aliwakalisha wote wawili akawaeleza kwa nini, tangu mwanzo, kana kwamba hakuna anayejua kitu. Rozina aliuliza maswali sita. Paskazia alishangaa mzee anauliza.

Jumanne Zadok alikuja. Alisalimia mapokezi kwa jumla, bila kuchagua mtu, akaingia ndani. Rozina alibaki na kalamu mkononi, akisikia kiti kikilazwa, maji, chuma kikigusa trei. Alisimama. Akakaa. Akasimama tena akaenda kupanga majarida ambayo hayasomwi na mtu.

Mlango ulifunguka. Alikuwa Paskazia, glovu zimeshavaliwa, amechanganyikiwa.

"Mama, mgonjwa hataki kupanua mdomo. Anakuita wewe."

Rozina aliingia mpaka kwenye kizingiti tu. Zadok alikuwa amelala, kitambaa cha bluu kifuani, anatazama dari.

"Huyu binti ni mzuri," alisema kwa Kiswahili, bila kumtazama. "Lakini sijui kama kitu kikikatika atasema. Wewe ulichelewa, lakini ulikuja Igoma kwa miguu yako. Shika taa."

Daktari alisogeza kiti chake kidogo kumpisha njia.

Rozina alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akavaa glovu, akashika taa. Bega la Zadok hakuligusa, na pole hakumpa. Daktari alipofungua kiganja na kuomba faili, Rozina hakuziinua dirishani. Alihesabu safu kwa kidole, kwa sauti ambayo mgonjwa aliisikia, moja, akachomoa, akampa.